Foleni ya Macho

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, na mkaguzi alikuwa bado na uchovu wa Ijumaa. Aliwasha kompyuta, akaisubiri iamke, akajisemea moyoni kwamba angalau mmoja wao amelala vizuri.

Kazi yake, kwa asiyeijua, ilikuwa kusoma makosa ya watu wenye usingizi. Hospitali ile ya macho iliachana na majalada ya karatasi zamani. Kila mgonjwa ana faili lake ndani ya mfumo, na nesi wa ghorofa ya tatu analifungua kwenye kompyuta yake sawa na karani wa mapokezi. Sasa watu thelathini wakishika faili moja, utajuaje nani kaharibu? Ndipo mfumo ukawekewa kumbukumbu za mabadiliko: mtu akigusa faili, mfumo unaandika pembeni jina lake, siku, saa, kilichokuwepo na kilichowekwa. Lakini mashine haijisomi. Anatakiwa binadamu wa kukaa kitako na kusoma mistari hiyo mmoja mmoja, na binadamu huyo alikuwa yeye, mwaka wa sita huo. Alishamwona mgonjwa wa miaka mia sita na arobaini. Alishaona jicho la kulia likigeuzwa la kushoto, na dakika mbili baadaye likirudishwa la kulia, akajua kuna daktari mahali fulani aliyetokwa na jasho jembamba. Watu hudhani ukaguzi ni kukamata wezi. Wapi! Ukaguzi ni kupiga miayo.

Daktari mkuu aliingia bila hodi, mama mfupi mwenye sauti ya kujaza ukumbi, mkononi ana barua kumi na moja.

"Orodha ya upasuaji wa presha ya macho inachezewa," alisema, akazitupa barua mezani. "Kuna watu wameandikishwa nyuma ya wenzao, wameshapasuliwa na wanasoma magazeti. Wengine wana nusu mwaka wanaambiwa subirini. Hawa kumi na moja wamechoka kusubiri."

"Nimekusikia, daktari."

"Usinisikie, nitafutie. Nataka jina. Ijumaa liwe mezani kwangu."

Akatoka, mlango ukabaki unacheza. Jina lenyewe kila mtu alikuwa nalo mdomoni tayari. Orodha ile ilikuwa mikononi mwa karani mmoja tu, mzee mmoja wa chini ya ngazi ambaye kila mgonjwa akimwuliza zamu yake alimjibu "pole sana", mpaka wenzake wakambatiza Mzee wa Pole. Ilisemekana ana ndugu wengi kuliko kawaida, na kwamba macho ya ndugu zake hayachelewi.

Na mkaguzi, hasira zilikuwa zimemfika kooni kwa sababu yake mwenyewe, ambayo hakuna hata mmoja pale kazini aliyeijua. Shangazi yake alikuwa kwenye orodha ile.

Presha ya macho si mtoto wa jicho, ambaye unaweza kukaa naye mwaka mzima, siku ukipasuliwa ukaona tena kama zamani. Hii inakula. Kilicholiwa kimeliwa, hata aje daktari kutoka mbinguni hakirudi, na anachofanya mpasuaji ni kuokoa kilichobaki. Kwa hiyo foleni ile haikuwa foleni ya mkate. Kila wiki ya kusubiri ilikuwa na kipande chake cha jicho.

Shangazi alimlea tangu akiwa na miaka minne, wazazi walipofariki, kwa cherehani moja ya miguu na ubishi mwingi. Alishona sare za shule tatu za mtaa ule. Sasa wateja walikuwa wamepungua, maana mwenye kushona alikuwa anapapasa.

"Jicho la kulia nalo lina visa vyake," alimwambia wiki chache kabla, bado anajitia kucheka. "Nikitazama mlango, mlango nauona. Ukuta sijui umekwenda wapi. Jana nimelisalimia koti lako hapo msumarini, tena kwa adabu zote."

"Daktari atakuita, Shangazi."

"Ataniita lini, mwanangu? Au wanataka wanipasue nikiwa marehemu, nisisumbue?"

Mkaguzi hangeweza kwenda kumsemea. Angefungua vipi mdomo, yeye ambaye kazi yake ni kuwaumbua wanaosemea ndugu? Alijikaza kisabuni. Hakumwambia karani, hakumwambia daktari, hakumtaja Shangazi kwa mtu yeyote. Kitu kimoja tu alijiruhusu. Kila Ijumaa jioni, kabla ya kuzima kompyuta, alifungua faili la Shangazi kuangalia kama tarehe ya upasuaji imeshaandikwa. Kisanduku kilikuwa kitupu. Anakitazama kidogo, anabonyeza "Hifadhi na Utoke", anachukua mkoba wake anakwenda nyumbani. Haikuwa dhambi kutazama. Wiki thelathini na moja alitazama, hata ile Ijumaa aliyokuwa na homa na kila mtu akamwambia, dada, nenda ukalale.

Basi Jumatatu ile alishuka ngazi kumkabili Mzee wa Pole, na njiani alikuwa ameshayapanga maneno yote, makali kwanza.

Chumba cha karani kilikuwa na upana wa kitanda. Meza, kiti, mashine ya kuchapisha inayokohoa, na mzee mwenye sweta la kijivu akipuliza chai. Alipomwona akainuka.

"Karibu, mama. Pole na kazi."

"Mzee, hizo pole zako leo ziweke. Watu wanapofuka huku. Nani anayepanga majina?"

"Majina?" Mzee akaketi tena polepole. "Mimi sipangi, mama. Kila Jumatatu asubuhi nabonyeza hapa, karatasi inatoka, nawaita wanne wa juu. Nikitaka hata kumpandisha mama yangu mzazi sijui nibonyeze wapi."

"Kila mtu anasema hivyo hivyo."

"Basi kila mtu anasema kweli." Hakukasirika, na hilo lilimkera mkaguzi zaidi. Mzee akainama chini ya meza, akavuta boksi la viatu. "Mimi mashine siziamini. Kila orodha iliyotoka nimeiweka hapa, tangu ya kwanza mwanzoni mwa mwaka. Kagua. Si ndiyo kazi yako?"

Mkaguzi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kukagua. Alikuwa ameshazoea kusoma karatasi za watu, akili ikiwa kwingine, mkono ukifunua. Orodha ya wiki hiyo ilikuwa na majina sitini na manne. La sitini na nne lilikuwa la Shangazi. Akafunua ya wiki iliyopita. La mwisho, Shangazi. Ya mwezi uliopita. Shangazi. Akazipekua zote mpaka wiki aliyoandikishwa, karatasi thelathini na moja, na kwenye kila moja jina lile lilikuwa chini kabisa, limebanwa na ukingo.

Akazitandaza zote mezani.

"Huyu," akasema, kidole kikiwa juu ya jina. "Huyu amekukosea nini?"

"Aa, huyo!" Mzee akavua miwani. "Huyo simjui, lakini namwonea huruma sana. Wengine wanapanda, wanashuka, huyo hatoki hapo. Nikadhani nyinyi wa juu mna ugomvi naye. Hata nilitaka kuuliza, nikaogopa kazi yangu."

Mkaguzi hakumwamini hata kidogo. Alipanda ngazi machozi yakimlenga, akamwambia daktari mkuu aliyoyaona, bila kusema jina lile ni la nani kwake. Jumanne asubuhi Mzee wa Pole akaambiwa akae nyumbani mpaka ripoti itoke. Aliondoka na sweta lake mkononi, akiwaaga watu mmoja mmoja, na wengi walijifanya wanatafuta kitu mezani.

Sasa ilibaki ushahidi. Jumatano mkaguzi alikwenda kwa fundi wa mfumo, bwana mmoja mwenye mafua yasiyoisha, ambaye meza yake ilikuwa nusu nyaya na nusu karatasi za kufutia pua.

"Nataka kumbukumbu zote za faili hili," alimwambia. "Kila aliyeligusa, kutoka mwanzo."

"Si unayo ripoti yako ya kila siku?"

"Ripoti yangu inasema halijaguswa. Na mimi najua limeguswa."

Fundi akapiga chafya, akajifuta. "Unataka zote zote? Mpaka zile ulizoniambia nizifiche?"

"Zipi hizo?"

"Dada, umesahau? Mwaka juzi ulikuja hapa umechoka hoi, ukaniambia ripoti ina mistari mia nne kwa siku na macho yanakuuma. Mingi ilikuwa ya watu waliofungua faili, hawakubadilisha kitu, wakahifadhi wakatoka. Ukasema, hii ya bure niondolee, nibakizie yenye mabadiliko ya kweli. Nikaondoa. Kwenye kumbukumbu imo, kwako tu ndiyo haionekani."

Alikumbuka. Tena alikumbuka alivyomshukuru, maana kuanzia siku ile alikuwa anamaliza kazi saa kumi na moja kama watu wengine.

"Haya," akasema. "Fungua zote."

Fundi akabonyeza. Mistari ikashuka kwenye skrini, thelathini na miwili. Wa kwanza ulikuwa wa nesi aliyemwandikisha Shangazi. Ile mingine yote ilikuwa na jina moja, na jina hilo lilikuwa la mkaguzi.

Lo! Kwanza alicheka, kicheko kikavu. Kisha akaona mtu ameiba neno lake la siri, amelitumia kumchafua, na akaanza kumfikiria Mzee wa Pole upya, kumbe mzee ni hatari namna hii. Ndipo alipozisoma siku. Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini na nane. Ijumaa, saa kumi na dakika hamsini na mbili. Ijumaa. Ijumaa. Ile ya homa nayo ilikuwepo, mapema kidogo, saa tisa na nusu.

"Ni mimi," alisema. "Lakini sikubadilisha kitu. Nilikuwa natazama."

"Ukitoka ulibonyeza nini?"

"Hifadhi na Utoke. Si ndivyo mlivyotufundisha? Mlituimbisha kama watoto wa chekechea: usitoke bila kuhifadhi, usitoke bila kuhifadhi."

Fundi alikuwa ameacha hata kuvuta kamasi. Alifungua ukurasa mwingine, akasoma, akasogeza kiti karibu, akasoma tena.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Dada, unakumbuka mlivyotaka orodha iwe? Mgonjwa akikosa siku yake, karani analiandika hilo kwenye faili, na mgonjwa anarudi mwisho. Basi mimi nikaipanga foleni kwa tarehe ambayo faili lilihifadhiwa mara ya mwisho. Aliyehifadhiwa zamani yuko mbele, aliyehifadhiwa leo yuko nyuma. Niliona ni njia nyepesi. Sikufikiria kwamba mtu anaweza kuhifadhi bila kubadilisha."

"Kwa hiyo kila nikitazama..."

"Kila ukitazama, mgonjwa anaanza upya."

Walifungua mafaili ya wale kumi na moja walioandika barua. Yote yalikuwa hivyo hivyo. Mgonjwa amelalamika, dawati la malalamiko limefungua faili kuona kulikoni, limehifadhi, limetoka. Amelalamika tena, limefunguliwa tena. Walionyamaza nyumbani kwao walipanda taratibu mpaka juu, na waliohangaika walirudishwa nyuma na wale wale waliokuwa wanawahurumia. Katika orodha nzima hakuna aliyehurumiwa kuliko Shangazi.

Mkaguzi alikaa, mikono mapajani. Nje mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu bovu, likilia kila likizunguka.

"Ripoti ya kawaida haionyeshi haya," fundi alisema baadaye, akitazama pembeni. "Mimi narekebisha upangaji leo hii, tarehe ya kuandikishwa ndiyo itumike. Kazi imekwisha. Ukitaka kusema ni hitilafu tu ya mashine, hutakuwa umedanganya sana."

"Na mzee wa watu aliyeko nyumbani?"

"Atarudishwa. Atapewa pole."

Mkaguzi aliliwaza hilo, nani asingeliwaza? Lakini uongo nao una kazi yake. Lazima uutunze, uukumbuke, uulishe kila siku, naye hakuwa na nguvu za kuongeza kazi nyingine. Alirudi mezani kwake akaandika ukurasa mmoja na nusu. Hakusubiri Ijumaa. Aliingia kwa daktari mkuu jioni ile ile, akaweka karatasi mezani.

"Ulitaka jina. Ni langu."

Daktari mkuu alisoma mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza ile sauti yake ikashuka. "Na huyu mgonjwa aliyefunguliwa mara thelathini na moja?" aliuliza.

"Ni shangazi yangu. Ndiye mama niliye naye."

Alhamisi orodha ikatoka upya, Shangazi wa pili kutoka juu. Mzee wa Pole alipigiwa simu, akarudi na sweta lake, na mkaguzi alimfuata chini ya ngazi kumwomba radhi. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamsogezea kiti chake mwenyewe, yeye akakalia ndoo. "Pole sana, mwanangu," akamwambia, na mkaguzi akalia pale mbele ya ile mashine inayokohoa, kilio cha mtu aliyekuwa anakidai muda mrefu.

Siku hiyo hiyo Shangazi aliletwa kupimwa. Daktari alimmulika jicho moja, akammulika la pili, akarudi la kwanza. Kisha akamwita mkaguzi ukumbini. La kushoto watalipasua Jumatatu, lina matumaini. La kulia limekwisha. Aliuliza mgonjwa alikuwa amesubiri muda gani, akaambiwa, akatikisa kichwa. Angepasuliwa mwezi wa nne, alisema, au hata wa tano, lingekuwa linaona mpaka leo.

Mwezi wa nne. Mkaguzi alipiga hesabu pale pale aliposimama. Foleni ya watu sitini na wanne, wanne kwa wiki, ni wiki kumi na sita. Zamu ya Shangazi ingefika mwishoni mwa mwezi wa nne.

Walifika nyumbani saa tisa alasiri. Chumbani kulikuwa na cherehani kwenye dirisha, sketi tano za shule zimekunjwa juu ya kiti, na harufu ya mafuta ya mashine. Njia nzima Shangazi alikuwa anaongea. Alikuwa na furaha, masikini, alishika mkono wa mkaguzi akiwaambia majirani waliosimama mlangoni: "Huyu mnamwona? Huyu ndiye kanipigania. Nilikuwa mwisho kabisa, kanifikisha wa pili. Ndiyo faida ya kulea."

Majirani wakaondoka. Mkaguzi akafunga mlango, akaketi sakafuni karibu na miguu ya Shangazi, pale alipokuwa akikaa zamani kuokota pini.

"Shangazi, sikukupigania. Aliyekuwa anakurudisha nyuma ni mimi."

"Unasema nini wewe?"

Akamweleza. Hakuwa na maneno ya mfumo ya kumwambia, kwa hiyo alimwambia hivi: kila nilipofungua jina lako kuona kama zamu yako imefika, mashine ilidhani umekuja upya, ikakuweka mwisho. Nikaona hujaitwa, nikafungua tena. Na jicho la kulia, Shangazi, halirudi. Daktari ameniambia. Lingekuwepo.

Shangazi alikuwa ameshika kipande cha pindo mkononi, anakipapasa kwa kidole gumba. Kidole kikasimama.

"Ulikuwa unafungua lini?"

"Kila Ijumaa."

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa, Shangazi."

"Hata ile uliyokuwa na homa, nikakukataza kutoka?"

"Hata hiyo. Nilisema dawati la kazi haliwezi kukaa bila mtu, lakini nilikwenda kwa ajili yako."

Uso wa Shangazi ulikuwa umeelekea dirishani, upande ule ambao haukuwa na kitu tena, na mkaguzi hakujua kama anajaribu kutazama au amesahau tu kugeuka.

"Ungenisahau, mwanangu," akasema mwishowe, taratibu, kama anayeomba. "Miezi minne tu. Mtu anasahau hata mtoto wake sokoni. Ungenisahau tu."

Mkaguzi akainamisha kichwa magotini pa Shangazi. Shangazi akapapasa mpaka akampata bega, akauweka mkono wake pale. Hakusema amemsamehe, wala mkono hakuuondoa, na walikaa hivyo mpaka mteja wa sketi alipokuja kubisha hodi.